Bakteria wa Tumbo na Saratani: Uhakiki wa Istilahi Zinazotumika

Miezi michache iliyopita tuliletewa mswada wa kijitabu cha elimu ya afya ili tuikague lugha yake kabla haujapelekwa kwa mpiga chapa. Mswada ulikuwa mfupi, umefasiriwa kwa Kiswahili chepesi, na kwa sehemu kubwa ulisomeka vizuri. Lakini katika ukurasa wa pili ilikuwamo sentensi hii: "Vidonda vya tumbo ni virusi ambavyo husababisha uvimbe wa tumbo na baadaye hugeuka kansa."

Hatuinukuu sentensi hiyo ili kumfedhehesha mfasiri. Kwa upande wa sarufi haina kosa. Upatanisho wake wa ngeli ni sawa, na mtu ye yote mwenye Kiswahili ataisoma bila kukwama. Hata hivyo, karibu kila neno lenye uzito ndani yake linapotosha, na tulipolifuatilia neno mojamoja tuligundua kuwa mara nyingi kosa halikuanza kwa mfasiri. Alitumia maneno aliyoyakuta. Mengine aliyakuta magazetini, mengine mahospitalini, na moja, twakiri, alilikuta katika orodha iliyotoka mikononi mwetu wenyewe. Kwa hiyo uhakiki huu unawahusu watunga istilahi kama unavyomhusu mfasiri.

Yafaa kwanza tuieleze habari yenyewe kwa ufupi, maana istilahi haihakikiwi kabla dhana yake haijajulikana. Kwa muda mrefu waganga waliamini kwamba hakuna bakteria awezaye kuishi katika mfuko wa chakula kwa sababu ya ukali wa asidi iliyomo. Mwaka 1979 Robin Warren, mtaalamu wa patholojia katika mji wa Perth, Australia, aliona kwa hadubini bakteria waliopinda juu ya utando wa ndani wa mfuko huo, katika vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa. Mwaka 1981 aliungana na daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu mara nyingi kuwaotesha bakteria hao katika maabara bila mafanikio, kwa kuwa vyombo vya kuoteshea vilikuwa vikitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 vyombo vikasahauliwa kwa siku kadhaa za mapumziko, na waliporudi bakteria walikuwa wameota. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba utando wake umeshambuliwa. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2005. Siri ya kuishi kwa bakteria huyu katika asidi ni kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho huivunja yurea na kutoa amonia, na amonia hiyo huipunguza asidi iliyomzunguka.

Jina la bakteria huyu lina mkasa ambao watunga istilahi watapenda kuusikia. Hapo awali aliitwa Campylobacter pyloridis. Mwaka 1987 jina likasahihishwa kuwa Campylobacter pylori, kwa kuwa umbo la kumilikisha la Kilatini lilikuwa limekosewa. Mwaka 1989 ikaonekana kwamba wala si wa jenasi hiyo, naye akaundiwa jenasi yake, Helicobacter, yaani bakteria wa umbo la msokoto. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka kumi jina lilibadilika mara mbili, mara moja kwa ajili ya sarufi na mara ya pili kwa ajili ya ukweli, wala hakuna aliyelalamika kwamba wanasayansi wanawachanganya watu. Tunawaambia haya wale wanaotushutumu kila tunaporekebisha istilahi moja.

Neno pylori lenyewe limetoka katika Kigiriki na maana yake ni ya mlinda lango, kwa vile mahali pale chakula kinapotokea kwenda utumboni ni kama penye mlango na bawabu wake. Mwenzetu mmoja alipendekeza kwa mzaha tumwite mdudu huyu bakteria bawabu. Pendekezo lilituchekesha, lakini halifai: jina la kisayansi la kiumbe ni la mataifa yote, na huandikwa vilevile katika kila lugha. Tunaloweza kufanya ni kuwapa wasomaji wa kawaida umbo la Kiswahili la jina la jenasi, yaani helikobakta, litumike baada ya jina kamili kutajwa mara moja. Matamshi ya pailori yanayosikika mahospitalini yanafuata Kiingereza, nasi hatuoni sababu ya kuyaandika. Na tusiseme bakteria hizi wala bakteria hii: ni viumbe, na upatanisho wake ni huyu na hawa.

Kumwita virusi ni kosa lisilohitaji maneno mengi. Dawa zinazowaua bakteria haziwaui virusi, na msomaji aliyekwisha kuambiwa hivyo katika kijitabu cha mafua atashangaa kuambiwa anywe antibiotiki kwa ajili ya virusi vya tumbo. Afadhali hata vijidudu, neno la kienyeji lisilodai usahihi lisilokuwa nao.

Sasa tuje kwenye tumbo. Mwenye mimba ana tumbo. Mtoto mwenye minyoo anaumwa tumbo. Ndugu wa mama mmoja ni wa tumbo moja, na anayeharisha husema tumbo linamwendesha. Neno hili lina kazi nyingi na zote ni halali. Wala hatuna mamlaka ya kulipunguzia hata moja. Taabu huanza pale neno hilo hilo linapotakiwa kutaja kiungo kimoja tu, kile kinachopokea chakula kutoka kwenye umio. Lugha ilikwisha kutupa njia, kwa kuwa tunao mfuko wa uzazi, na wengi husema pia mfuko wa mkojo. Mfuko wa chakula ni neno linaloeleweka papo hapo hata na asiyewahi kulisikia, nalo ndilo tunalolitetea katika maandishi ya tiba. Saratani ya tumbo iachwe iendelee kutumika katika mazungumzo na katika vichwa vya habari, mradi ndani ya maandishi isemwe mara moja kwamba ni saratani ya mfuko wa chakula. Tumekwisha kuona mahali ambapo herufi moja iliyodondoka iliigeuza saratani ya utumbo kuwa saratani ya tumbo, na hakuna aliyetambua, kwa sababu masikio yetu yamezoea kuyachukua maneno hayo mawili kama kitu kimoja.

Vidonda vya tumbo ndiyo istilahi iliyotuchukulia muda mrefu kuliko zote. Katika usemi wa mitaani ni jina la maumivu karibu yo yote yanayochoma juu ya kitovu. Mtu mwenye kiungulia, mwenye gesi, mwenye njaa ya asubuhi, wote husema wana vidonda vya tumbo, na wengi wao hawajawahi kuangaliwa ndani kwa mpira wenye kamera. Hilo si la kuwalaumu. Lakini hata pale ambapo kidonda kipo kweli na kimeonekana, istilahi hii haisemi kiko wapi. Kinaweza kuwa katika mfuko wa chakula wenyewe. Kinaweza pia kuwa katika duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mara tu chakula kinapopita kwa yule bawabu. Kwa Kiswahili chetu vyote viwili ni vidonda vya tumbo.

Je, tofauti hiyo ina maana yo yote kwa mgonjwa? Mwaka 2001 Naomi Uemura na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao huko Japani. Waliwafuatilia wagonjwa 1,526 kwa wastani wa miaka 7.8. Kati yao 1,246 walikuwa na helikobakta, na 280 hawakuwa naye. Saratani ya mfuko wa chakula iliwapata watu 36, na wote walikuwa katika kundi lenye bakteria, yaani asilimia 2.9 ya kundi hilo. Katika kundi lisilo na bakteria hakupatikana hata mmoja. Walakini, miongoni mwa wenye bakteria walikuwamo 275 wenye vidonda vya duodeni, na kati ya hao pia hakupatikana hata mmoja mwenye saratani. Wenye vidonda vya mfuko wa chakula waliopata saratani walikuwa kumi.

Sababu ya tofauti hiyo inafahamika. Bakteria anaposhambulia zaidi upande wa karibu na mlango wa kutokea, mfuko huzalisha asidi nyingi kupita kiasi, nayo humwagika katika duodeni na kuichimba. Shambulio linapoenea mfuko mzima, tezi zinazotoa asidi hufa polepole, asidi hupungua, na njia ielekeayo kwenye saratani hufunguka. Kwa hiyo bakteria ni mmoja, lakini njia ni mbili, na kwa kiasi fulani njia hizo zinakwenda kinyume.

Sasa mchukue mtu mwenye kidonda cha duodeni anayesoma kwamba vidonda vya tumbo hugeuka kansa. Anakwenda nyumbani na hukumu isiyokuwa yake. Mchukue na mwingine mwenye kidonda cha mfuko wa chakula ambaye jirani yake amemwambia kwamba yeye amekaa na vidonda vya tumbo miaka ishirini bila neno. Huyu wa pili huenda asirudi kukatwa kipande cha nyama kwa uchunguzi, ilhali kuna saratani zinazoanza kwa sura ya kidonda. Wote wawili wamepotezwa na istilahi moja. Tunapendekeza kidonda cha mfuko wa chakula na kidonda cha duodeni yawe majina mawili mbalimbali katika maandishi yote ya tiba, na vidonda vya tumbo libaki kuwa jina la jumla ambalo halitumiki po pote panapotajwa saratani.

Katika uvimbe kosa ni letu. Orodha tuliyoitaja hapo juu ilitoa neno hilo kwa dhana mbili zilizo katika kurasa mbalimbali: moja ni hali ya sehemu ya mwili kuwaka, kuwa nyekundu na kuuma kwa sababu ya kushambuliwa, ya pili ni donge la nyama linalokua pasipo mpango. Kila moja kwa peke yake yaweza kutetewa, maana jipu huvimba, na donge nalo ni kitu kilichovimba. Aliyeandaa herufi moja hakumuuliza aliyeandaa nyingine. Katika habari ya helikobakta dhana hizo mbili zinakutana ndani ya sentensi moja: hali ya kwanza ndiyo mwanzo wa safari, na donge ndilo mwisho wake. Mgonjwa anayeambiwa ana uvimbe tumboni husikia la pili, na hawezi kulaumiwa.

Lipo neno mchochota, ambalo baadhi ya waandishi wa tiba wamekwisha kulitumia kwa hali ile ya kwanza. Tunaliunga mkono. Lina sauti ya jambo linalowasha na kuuma, na halina donge ndani yake. Uvimbe libakie kwa donge.

Tukishakuwa na mchochota, safari nzima inaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Pelayo Correa, mwanapatholojia wa Colombia, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 1975 kwamba saratani ya mfuko wa chakula ya aina iliyoenea zaidi haizuki ghafla, bali hufuata hatua. Na baada ya bakteria kugunduliwa, yeye akawekwa mwanzoni mwa hatua hizo. Kwanza huja mchochota sugu. Kisha tezi za utando hunyauka. Kisha utando wa mfuko hubadilika ukafanana na utando wa utumbo. Kisha seli huanza kukua kombo. Mwishoni, kwa wachache, huja saratani. Jambo lote huweza kuchukua miongo ya miaka, na wengi huishia njiani. Tazama basi jinsi neno hugeuka linavyoiharibu habari hii. Kinachobadilika ni utando, na hubadilika kwa daraja. Kidonda hakigeuki kitu.

Limebaki husababisha, na hapa ndipo tunapotofautiana hata na baadhi ya wenzetu wa idarani. Wao husema: kama sayansi imethibitisha, kwa nini tusiseme? Ni kweli kwamba mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka maambukizo ya Helicobacter pylori katika Kundi la Kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Lakini kundi hilo hupangwa kwa nguvu ya ushahidi, si kwa ukubwa wa hatari. Moshi wa tumbaku umo humo, na tangu mwaka 2015 nyama iliyosindikwa imo humo pia, wala hakuna asemaye kwamba hatari zake ni sawa. Inakadiriwa kuwa takriban nusu ya watu wote duniani wamekuwa na bakteria huyu, wengi wao tangu utotoni. Wanaopata saratani ni kama mmoja hadi watatu katika kila mia.

Sasa, kiambishi hu- katika Kiswahili ni cha mazoea. Jua huchomoza mashariki. Ng'ombe hula majani. Mtu akisema bakteria huyu husababisha saratani, msikilizaji wa Kiswahili husikia kwamba ndiyo kazi yake ya kila siku, na kwamba aliye naye amekwisha. Lugha nyingine zinaweza kuwa na wakati wa sasa usiobeba uzito huo. Mfasiri akihamisha kitenzi bila kuupima wakati wake, huwa ameongeza dai ambalo mwandishi wa kwanza hakulitoa. Ukweli ni kwamba aina zote za helikobakta hazilingani kwa ukali. Wengine hubeba protini iitwayo CagA, ambayo huidunga ndani ya seli za utando, wengine hawana. Chumvi nyingi katika chakula na uvutaji wa sigara vina sehemu yao, na urithi wa mtu pia. Kwa hiyo twasema anaweza kusababisha, au ni kisababishi kikuu kimojawapo, na kwa dhana ya jambo linaloongeza uwezekano wa ugonjwa tunalo neno kihatarishi, ambalo limekwisha kukubalika katika ofisi nyingi. Kichocheo hatulipendi hapa, maana wanakemia wamekwisha kulichukua.

Haraka ya kusema husababisha imewahi kuwaponza wakubwa. Johannes Fibiger wa Denmark alitangaza mwaka 1913 kwamba minyoo fulani huleta saratani katika mifuko ya chakula ya panya, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926. Baadaye ilionekana kwamba madoa yale kwa sehemu kubwa yalitokana na ukosefu wa vitamini A katika chakula cha panya hao, wala hayakuwa saratani. Upande wa pili, mwaka 1992 C. Holcombe aliandika katika jarida la Gut juu ya kile alichokiita fumbo la Afrika: maambukizo ni mengi, saratani iliyoandikwa ni chache. Wengine wamejibu kwamba saratani ipo, ila haigunduliwi, kwa uhaba wa vipimo na kwa kuwa wengi hufa kwa maradhi mengine kabla. Mjadala huo haujafungwa. Mfasiri aliyeandika hu- ameufunga kwa silabi moja.

Tusisahau maambukizo. Aliyeambukizwa si lazima awe mgonjwa, na maandishi mengi humwita mgonjwa tangu mstari wa kwanza. Mwambukizwa linatosha. Kuhusu saratani na kansa, ugomvi huo tuuache; saratani kwa Kiarabu ni kaa, na kansa kwa Kilatini ni kaa vilevile, kwa hiyo wanaogombana wanamgombania mnyama mmoja. Sisi hutumia saratani.

Tuliurudisha mswada ukiwa na sentensi hizi mahali pa ile moja: "Bakteria aitwaye Helicobacter pylori huishi katika mfuko wa chakula na kuuletea mchochota. Kwa watu wengi mchochota huo hauna dalili. Kwa baadhi huzaa kidonda, ama katika mfuko wenyewe ama katika duodeni. Kwa wachache, baada ya miaka mingi, unaweza kufuatiwa na saratani ya mfuko wa chakula. Bakteria huyu anatibika kwa dawa." Wenye kijitabu walilalamika kwamba nafasi haitoshi, nao walikuwa na haki, kwani mstari mmoja umezaa mitano. Hata hivyo walikubali yote isipokuwa mchochota. Wauguzi wao walisema hakuna mama atakayelijua neno hilo, na kwamba wao ndio watakaoulizwa dirishani. Tulibishana kwa barua mbili. Mwishowe tulikubaliana liandikwe mchochota, na papo hapo lifuatwe na maelezo, yaani kuwaka na kuuma kwa utando wa ndani. Kwa kweli maelezo hayo yalitoka kwa muuguzi mmojawapo, na ni bora kuliko yale tuliyokuwa tumeyaandaa sisi.

Kamati yetu ya istilahi za tiba bado haijapata jina la hatua ile ambayo seli hukua kombo kabla ya saratani. Ukombo wa seli limependekezwa, lakini baadhi ya wajumbe wanasema linafanana mno na kombo la tabia. Ukuaji kombo linaeleweka, ila ni gumu kunyambulika. Displasia nalo limo katika orodha, likisubiri. Waalimu wa biolojia na wafasiri wa hospitali walio na neno wanalolitumia tayari watuletee, pamoja na sentensi mbili au tatu zinazoonyesha walivyolitumia na walivyoeleweka.